Zitto Kabwe alipokuwa bungeni: kilichombeba ni zile namba au namna alivyokuwa anaipanga hoja?

msoma_hansadi (mleta mada)

Wakuu habari za muda huu. Nimekuwa nikisoma Hansadi za zamani za Bunge letu, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, na kuangalia klipu YouTube, hasa za Bunge la 9 mpaka la 11, yaani 2005 mpaka 2020, na kuna kitu nataka tukijadili kwa utulivu, naomba ushabiki wa vyama tuuweke pembeni.

Swali langu ni hili. Kwanini mchango wa Zitto ukiusoma leo kwenye karatasi, bila sauti, bila makofi, bado unakushika, wakati michango mingi iliyoitikiwa kwa kugonga meza siku ile ukiisoma saivi unaona ni maneno tu yamepangwa? Wengi wanajibu haraka haraka kwamba ni kwasababu ya takwimu. Mi sikubali moja kwa moja, maana walikuwepo wabunge wengine wenye takwimu nyingi kuliko yeye na hakuna anayewakumbuka.

Chukua Buzwagi. Mwezi wa nane 2007, kijana ana miaka 30, muhula wake wa kwanza kabisa kama mbunge wa Kigoma Kaskazini, anasimama anaomba Bunge liunde Kamati Teule ichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi kule Kahama, ambao waziri wa Nishati na Madini wa wakati ule, Nazir Karamagi, aliusaini London mwezi wa pili mwaka huohuo. Uti wa mgongo wa hoja ile ukiutafuta unakuta ni swali moja ambalo hata mbunge wa CCM analielewa bila kutafsiriwa: Rais ameshasema mikataba ya madini ipitiwe upya, sasa huu mpya unasainiwa haraka hivi kwa sababu gani kabla mapitio hayajaisha, na kwanini usainiwe nje ya nchi? Basi. Ukishaulizwa hivyo huwezi kujibu kwa kumwita mtu mropokaji, inabidi utoe maelezo.

Tunajua yaliyofuata, Bunge likamsimamisha mpaka Januari 2008 likisema amesema uongo dhidi ya waziri. Lakini Novemba ileile ya 2007 Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Mark Bomani kupitia sekta ya madini, na Zitto akawekwa ndani yake. 2010 ikaja Sheria mpya ya Madini, mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 kwenda 4 na ukaanza kukokotolewa kwenye thamani ghafi. Sisemi yote yale ni kazi ya mtu mmoja. Nasema hoja iliyopigwa chini ukumbini ikaendelea kutembea nje ya ukumbi, na nataka kujua ilijengwaje mpaka ikaweza kutembea.

Naomba michango yenu, hasa nyie mliokuwa mnafuatilia Bunge kipindi kile linarushwa mubashara kutoka asubuhi.

---

kengele_ya_pili

Mkuu uzi mzuri sana huu, asante. Mi nitajibu kwa upande wa dakika, maana watu huwa wanasahau kwamba mbunge hana uhuru wa kuongea anavyotaka, ana saa inamkimbiza.

Mchango wa kawaida dakika 10, siku nyingine zinashuka mpaka 5 kama wachangiaji ni wengi. Kengele ya kwanza ikilia unajua unatakiwa uanze kufunga, ya pili ikilia kaa chini, na kwenye Hansadi wanaandika kabisa kwenye mabano kwamba hapa kengele ililia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji. Sasa fungua Hansadi yoyote uhesabu ni wangapi kengele ya pili inawakuta katikati ya sentensi, wengine ndo kwanza wamemaliza kusalimia wapiga kura wao na kumpongeza waziri na katibu mkuu na watendaji wote wa wizara, halafu wanaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja wanakaa. Hao hawakuwa na hoja toka mwanzo.

Zitto ukimsoma unaona mtu amekaa jana yake usiku akaamua jambo MOJA. Sio matatu. Anakuja nalo, anataja chanzo chake, ripoti ya CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) au sheria fulani au kitabu cha bajeti ukurasa fulani, halafu anatoka nalo kwa OMBI. Hapo kwenye ombi ndo nataka nikazie, maana ndo jibu langu kwa swali lako mleta mada. Karibu kila hoja yake kubwa ilikuwa inaishia kwenye kitu ambacho Bunge lina mamlaka ya kukifanya kwa kanuni zake lenyewe, iundwe kamati teule, lipitishwe azimio, CAG aagizwe ukaguzi maalumu, zikusanywe saini. Haishii kwa kusema serikali imeshindwa, haishii kwa kusema wananchi watawahukumu 2010. Inaishia mlangoni kwa Spika na Spika inabidi aseme ndiyo au hapana.

Mfano mzuri kwangu sio hata Buzwagi, ni Aprili 2012. Ripoti ya CAG imetoka ina madudu kwenye wizara kadhaa, wabunge wa pande zote wamefoka wiki nzima, kila mmoja anataka mawaziri wajiuzulu na hakuna anayejiuzulu. Zitto akaamua kwenda Ibara ya 53A ya Katiba, ile ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, inayotaka saini za asilimia 20 ya wabunge wote. Angalia akili ya pale: mawaziri hatuwezi kuwagusa mmoja mmoja, tunayeweza kumgusa ni Waziri Mkuu, basi tuanze kukusanya saini. Zikapatikana zaidi ya 70 na ndani yake kuna wa CCM, marehemu Deo Filikunjombe wa Ludewa alikuwa mmojawapo. Kura yenyewe haikupigwa, lakini Mei baraza la mawaziri likapanguliwa. Zile hotuba kali za wiki nzima nazo zilikuwa na kazi yake sikatai, ila kilichozipa meno ni kile kikaratasi cha saini.

Na kitu kingine kidogo, lile neno Mheshimiwa Spika. Kwenye maandishi linachosha maana kila aya inaanza nalo, ila msikilize Zitto anavyolitumia. Analitumia kama sehemu ya kuvuta pumzi. Anasema namba, anatulia, Mheshimiwa Spika, halafu ndo anakwambia namba ile ina maana gani kwako. Wengine wanalimwaga tu kila baada ya maneno matatu wakiwa wanatafuta cha kusema.

---

ibara100

Mimi nitapingana nanyi wawili na naomba mnisome mpaka mwisho.

Kuna tabia imejengeka ya kusema upinzani mzuri ni ule wa takwimu na upole, na wale waliokuwa wakali eti walikuwa wanapiga kelele. Hiyo sio sahihi na inawaonea watu. Tundu Lissu alikuwa mkali, anaongea haraka, anakatiza, anaomba kuhusu utaratibu mara hii na mwongozo mara ile mpaka kiti kinachoka, lakini msomeni kwenye Hansadi muone. Anajenga hoja kama anavyojenga wakili mahakamani, anaanza na ibara, anaisoma neno kwa neno, halafu anaweka kitendo cha serikali pembeni ya ibara, anakuuliza hivi viwili vinakaa pamoja? Novemba 2011 kwenye muswada wa mabadiliko ya Katiba alisoma maoni ya Kambi ya Upinzani kwa mtindo huohuo, ibara kwa ibara, madaraka ya Rais kwenye kuunda Tume, nani anateua wajumbe, Zanzibar inaingiaje, halafu wabunge wa CHADEMA wakatoka nje. Wakatukanwa sana kwa kutoka nje. Muswada ukapita. Lakini baada ya hapo wakaenda kuonana na Rais Ikulu na Februari 2012 sheria ileile ikarudishwa bungeni kurekebishwa. Sasa mnaniambia nini, kwamba ukali na kutoka nje hauzai matunda?

Halafu hapo kwa Zitto mmechagua mifano inayompendeza. Chukueni na Uswisi. Novemba 2012 alileta hoja binafsi kuhusu Watanzania walioficha fedha nje, nchi nzima ikasimama, na kwa kanuni zenu hizo hizo ilikuwa hoja kamili, ina chanzo, ina ombi, na Bunge likapitisha azimio serikali ichunguze. Lakini majina hakuyataja. Watu wakamwomba majina, mawaziri wakamwambia taja, yeye akashikilia kwamba kazi ya kuchunguza ni ya serikali. Matokeo yake uchunguzi ukaachiwa haohao waliokuwa hawautaki na nchi haikupata jina hata moja. Hapo ule ustaarabu wa hoja ulitusaidia nini? David Kafulila kwenye sakata la IPTL, ile kampuni ya kufua umeme, na fedha za akaunti ya Escrow 2014 alifanya kinyume, alisimama akasema watu na vyeo vyao waziwazi, akaitwa tumbili na Mwanasheria Mkuu mbele ya Bunge zima naye akamjibu kwamba ni mwizi, ukumbi ukachafuka, lakini moto ule ndo uliolazimisha mambo yote yaliyofuata mpaka Novemba. Bila Kafulila kuwasha, PAC ya Zitto, ile kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, ingekuta nini cha kupika?

Mimi Zitto namheshimu sana, nataka hilo lieleweke. Ninachokataa ni kumfanya yeye kipimo halafu wengine wote wawe kelele.

---

msoma_hansadi (mleta mada)

Mkuu ibara100 nakubaliana na wewe kuhusu Lissu kwa asilimia kubwa, na mfano wa 2011 ni mzito. Kwenye Uswisi hata mimi niliposoma ule mjadala niliumia, unaona kabisa hoja ilivyopoa mikononi mwa watu.

Ila hiyo Escrow naomba mtu aifungue vizuri maana naona ndo sehemu ambapo mitindo yote miwili ilikutana. Nani alifuatilia zile siku za mwisho wa Novemba 2014?

---

mwandiga_kwetu

Nilifuatilia yote, na kwetu Kigoma redio zilikuwa zimefunguliwa mpaka kwenye mitumbwi. Naomba niandike kwa urefu kidogo.

Kwanza mjue shauri lenyewe lilikuwa gumu mno kulieleza. Kuna IPTL inayouza umeme TANESCO, kuna mgogoro wa bei kati yao, kuna akaunti maalumu iliyofunguliwa Benki Kuu ili fedha zikae pale mpaka mgogoro uishe, kuna kesi nje ya nchi, kuna kampuni za VIP na PAP na hisa za IPTL zinazohama mkono, halafu ghafla fedha zimetoka, zaidi ya bilioni 300, na watu wanagawana. Mtu wa kawaida atashika lipi hapo? Mwanasheria wa serikali angeweza kukuzungusha siku tatu kwenye majina ya makampuni ukatoka hujui hata kilichoibiwa ni nini.

Ile PAC, Zitto mwenyekiti na Filikunjombe makamu wake, ilichofanya ni kuusukuma mjadala wote kwenye swali moja tu: fedha zile zilikuwa za umma au hazikuwa za umma? Serikali ilisimama kwenye neno moja, kwamba sio za umma. Basi kamati ikaenda hapohapo, haikuhangaika na pembeni. Ikaonyesha kwamba TANESCO ilikuwa inalalamika kutozwa zaidi ya inavyostahili, kwahiyo ndani ya akaunti ile kuna sehemu iliyopaswa kurudi TANESCO, na TANESCO ni mali ya nani? Ikaonyesha kuna kodi ambayo ilitakiwa ikatwe, na kodi ni ya nani? Ikaweka ripoti ya CAG mezani, ikaweka na kazi ya TAKUKURU. Ukishakubali kwamba hata sehemu tu ya fedha zile ni ya umma, umeshakwisha, maana mengine yote yanafuata yenyewe, aliyeidhinisha, aliyenyamaza, aliyepokea.

Huo ndo ufundi ambao mimi nauona kwa Zitto kuliko wanasiasa wote wa kizazi chake: kulitafuta lile swali moja ambalo ukilijibu tu huna pa kukimbilia. Buzwagi ilikuwa hivyo, na hii hivyo. Na hiyo haitokani na kusoma uchumi peke yake, wachumi wangapi bungeni wanaongea saa nzima huambulii kitu.

Pili, kusoma kwa kupokezana. Mwenyekiti wa upinzani anasoma, makamu wa CCM anapokea, anasoma kwa hasira ileile, tena ukweli Filikunjombe alikuwa na sauti inayochoma kuliko Zitto. Ile ilivunja kabisa utetezi wa kwamba huu ni mpango wa wapinzani. Utampinga vipi mwenzako wa chama hichohicho anayesoma ukurasa uleule? Mungu ampumzishe, yule mtu alifariki kwenye ajali ya helikopta Oktoba 2015 siku chache kabla ya uchaguzi na bado kwenye Bunge hajapatikana wa kujaza pale.

Tarehe 29 Novemba yakapita maazimio 8. Desemba Werema akajiuzulu uanasheria mkuu, Profesa Tibaijuka akaondolewa uwaziri, Januari 2015 Profesa Muhongo, waziri wa Nishati na Madini, naye akajiuzulu. Kwahiyo ndugu yangu ibara100 uko sahihi kwamba Kafulila aliwasha, na sisi watu wa Kigoma wote wawili ni wetu, Kafulila alikuwa Kigoma Kusini, kwahiyo hapo huwezi kunigombanisha. Lakini moto wa Juni ungezimwa kwa ile ile staili ya siku zote, fulani afute kauli, fulani aombe radhi, tuendelee na shughuli inayofuata. Kilichouzuia kuzimika ni ripoti.

---

binti_kahama

Naomba na mimi niseme, natoka huko huko mlikokutaja.

Mnaongelea namba kama vile namba ni kitu cha wasomi. Huku kwetu namba ndo zilikuwa zinauma. Mikataba ya zamani ya migodi ilikuwa inasema mgodi utalipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka, imeisha, hata dhahabu ipande bei vipi. Wakati sheria ya serikali za mitaa inaruhusu ushuru wa huduma mpaka asilimia 0.3 ya mauzo. Mtu akikuwekea hizo mbili pamoja, hizi ndo mnazopata na hizi ndo mngepata, huhitaji kuwa na digrii, unakasirika mwenyewe hapohapo ulipokaa. Wapinzani wa kipindi kile, sio Zitto peke yake, walikuwa wanajua kuweka namba mbili pamoja. Namba moja peke yake haisemi kitu. Ukiniambia mrabaha ni asilimia 3 nitasema sawa. Ukiniambia 3 na mwekezaji anaruhusiwa kuondoa gharama zake za kusafirisha na kusafisha kwanza ndo hiyo 3 ihesabiwe, hapo nimeelewa ninachonyimwa.

Na nataka kusema kuhusu akina mama pia maana uzi mzima mnataja wanaume. Halima Mdee akiwa msemaji wa Kambi kwenye ardhi alikuwa anakuja na orodha za mashamba, nani amepewa, hekta ngapi, ameendeleza au hajaendeleza, na alikuwa anashika shilingi kwelikweli kwenye Kamati ya Matumizi, haachii mpaka waziri aseme kitu kinachoeleweka. Lakini mkimzungumzia mnasema ana jazba. Lissu akikatiza ni wakili, Mdee akikatiza ana jazba. Hapana jamani, msomeni na yeye kwa karatasi kama mnavyomsoma Zitto, mtakuta hoja.

---

kengele_ya_pili

binti_kahama umenena. Na hiyo ya kushika shilingi wengi hawaijui, ngoja nieleze kwa wadogo zetu. Bajeti ya wizara ikifika kwenye kupitishwa kifungu kwa kifungu, mbunge asiyeridhika anatoa taarifa kwamba ataondoa shilingi kwenye mshahara wa waziri, maana yake anaufungua mjadala upya kwenye jambo lake mahsusi mpaka apate maelezo, na asiporidhika wabunge wanaamua kwa kura. Pale ndo unamjua mbunge aliyejiandaa. Hakuna karatasi ya kusoma pale, ni kuuliza, kujibiwa, kuuliza tena.

---

wawi_pemba

Assalaam aleikum. Nyote mwamsifu msemaji, hamkumtaja mwenye kiti.

Mimi naona hotuba ya mpinzani ina watu watatu, yeye anayesema, Spika anayemwacha aseme, na yule aliyeko nyumbani anayemsikia. Akikosekana mmoja katika hao watatu, hotuba imekufa hata iwe nzuri vipi. Kwetu tulikuwa na Hamad Rashid, mbunge wa Wawi, ndiye aliyekuwa Kiongozi wa Kambi ya Upinzani 2005 hadi 2010. Mtu mpole yule, hasemi kwa kupayuka, lakini akisema kanuni fulani imevunjwa Spika Sitta alikuwa akifungua kitabu. Sitta alimsimamisha Zitto, ni kweli, Bunge lake ndilo lililomsimamisha, lakini ndiye huyohuyo aliyeiacha ripoti ya mkataba wa umeme wa Richmond ikasomwa mpaka mwisho Februari 2008 na Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu. Kamati ile mwenyekiti wake Mwakyembe alikuwa CCM. Kwa hiyo kusema kweli bungeni hakukuwa mali ya upinzani peke yake zama zile.

Sasa tizameni baada ya 2016. Januari ile serikali ikasema TBC haitarusha tena Bunge zima mubashara, gharama bilioni 4.2 kwa mwaka. Tukabakiwa na maswali na majibu ya asubuhi. Mei na Juni wapinzani wakawa wanatoka nje wameziba midomo kwa karatasi na plasta, na hotuba za Kambi zikawa zinarudishwa zikatwe maneno, Lema kwenye Mambo ya Ndani aliacha kuisoma ya kwake kwa sababu ya sehemu iliyohusu mkataba wa kampuni ya Lugumi na Polisi. Ndugu zangu, msemaji ambaye hasikiki nyumbani lazima abadilike. Ataongea kwa ajili ya klipu ya dakika moja itakayorushwa WhatsApp. Ndipo mkaanza kuona maneno makali zaidi na hoja fupi zaidi, si kwa kuwa watu walipungukiwa akili, ni kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa na mtu akabaki kupigia kelele dirishani.

---

ibara100

Sheikh wawi_pemba hapo umenishika. Na ushahidi wa unachosema ni Zitto mwenyewe. Ile ya trilioni 1.5 ya Aprili 2018 aliifanyia wapi? Hakuisubiri Bunge. Alichukua ripoti ya CAG ya 2016/17 akaita waandishi wa habari. Makusanyo trilioni 25.3, yaliyotumika trilioni 23.79, iliyobaki iko wapi? Kutoa tu, hesabu ya darasa la nne, na nchi nzima ikaielewa siku hiyohiyo, mpaka Naibu Waziri wa Fedha ikabidi alete maelezo bungeni kuhusu mapato tarajiwa na makusanyo ya upande wa Zanzibar. Kwahiyo mtindo ni uleule wa 2007, swali moja fupi lililofungwa kwenye waraka wa serikali yenyewe, ila amehama ukumbi. Na septemba ileile ikabadilishwa Sheria ya Takwimu ikawa kosa la jinai kusambaza takwimu za kupinga zile rasmi, mpaka 2019 ndo wakalegeza. Mtindo wa mtu kuongea ukitungiwa sheria ujue umewafikia.

Hili linanisikitisha mpaka leo. Maana nje ya Bunge huna kinga ya Ibara ya 100. Neno lilelile ukilisema ndani ni mchango, ukilisema nje ni kesi.

---

mgeni_wa_dodoma

Samahani wakubwa, mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka 2020 nilikuwa bado sekondari kwahiyo Bunge ninalolijua ni hili la baada ya hapo. Nimewasoma wote na naomba kuuliza, je mtindo huu bado upo? Maana nilimwona Luhaga Mpina Juni 2024 kwenye sukari na yeye alikuwa na nyaraka nyingi, akafungiwa vikao 15, na alikuwa CCM.

Halafu nataka kujifunza kuongea hivyo kwenye midahalo yetu chuoni, nianzie wapi kusoma?

---

kengele_ya_pili

Mdogo wangu karibu. Mpina ni mfano mzuri na mgumu. Nyaraka alikuwa nazo, tena kwa wingi, na alizipeleka kwa Spika kama alivyotakiwa. Kilichomgharimu ni kuziweka wazi kwa waandishi kabla Bunge halijazifanyia kazi, ikawa mjadala sio sukari tena, ni mwenendo wake. Hapo ndo uone ninachosema kuhusu kanuni, ukiwapa nafasi ya kukujadili wewe hawatajadili hoja yako, watashukuru Mungu.

Na baada ya 2020 hakuna Kambi Rasmi ya Upinzani kabisa. Zamani waziri akimaliza hotuba ya bajeti, inafuata kamati, halafu msemaji wa Kambi anasimama na kitabu chake kurasa arobaini, kiwe kizuri kiwe kibaya lakini kipo na kinaingia kwenye Hansadi. Ile nafasi ya tatu haipo. Kuna wapinzani mmoja mmoja, Aida Khenani wa Nkasi Kaskazini kwa mfano alikuwa anajitahidi sana kwenye dakika zake, ila dakika 10 sio kitabu.

---

mwandiga_kwetu

Kijana kwa kusoma, mimi nakushauri usianze na klipu, anza na Hansadi, zipo kwenye tovuti ya Bunge bure kabisa. Chukua mjadala wa Escrow kuanzia tarehe 26 mpaka 29 Novemba 2014. Soma ripoti ya PAC kwanza, halafu soma majibu ya serikali, tena hayo ya serikali yasome kwa makini zaidi maana Muhongo alijitetea vizuri tu kwa hoja, usije ukadhani upande mmoja ulikuwa umelala. Soma na wachangiaji wa katikati. Andika pembeni kila mtu anajibu swali gani. Utaona wapo wanaojibu lile swali la fedha za umma na wapo wanaolikwepa, na utaanza kuwajua kwa sentensi zao za mwanzo tu.

Ukimaliza hiyo nenda kwenye ya Lissu ya Novemba 2011, uone mtu anayejenga kwa sheria badala ya hesabu. Usimwige yeyote kati yao sauti. Sauti ya Lissu ni ya Lissu.

---

msoma_hansadi (mleta mada)

Wakuu nimejifunza sana. Mimi nilikuja na swali la namba au mpangilio, binti_kahama na mwandiga_kwetu mmenionyesha kwamba namba zenyewe zilikuwa zimeshapangwa kabla hazijatamkwa. Na wawi_pemba umenirudisha kwenye kiti, sikuwa nimekifikiria.

Kuna moja bado nalitafuta. Machi 2015 Zitto alipoaga Bunge baada ya kuondoka CHADEMA, alisimama akaongea ukumbini. Kama kuna mwenye kumbukumbu nzuri ya siku ile naomba aandike hapa kilichosemwa na pande zote mbili, maana nataka kulinganisha mtu huyohuyo akiongea bila hoja ya kuomba chochote kwa Spika.

---

binti_kahama

Nitaitafuta kesho nikipata bando, kama ipo kwenye tovuti nakuwekea kurasa zake hapa.